Usafi wa mtaa wa mlimani kabla ya vuli: tuanzie wapi, na jalala lisirudi?

Ngazi za Mawe (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mtaa wetu uko mlimani upande wa Mabatini, Nyamagana, jijini Mwanza. Kaya 62 tumekubaliana kufanya usafi wa pamoja Jumamosi ya mwisho ya Septemba, kabla mvua za vuli hazijashika. Kazi yenyewe ni hii:

Kuna mtaro wa mawe na saruji, urefu mita 120, upana sentimita 50, kina sentimita 60. Umejaa mchanga na taka hadi nusu ya kina. Kuna kiwanja cha mita 9 kwa 14 chini ya mawe makubwa, kimegeuka jalala. Halafu kuna njia tatu za miguu zinazochimbika kila mvua ikinyesha.

Gari linaishia barabarani chini. Kutoka hapo kwenda juu ni ngazi na mawe matupu. Tuna mabeleshi 7, matoroli 2, makarai ya kutosha, na mchango wa sh. 430,000. Watu wa uhakika ni 40.

Naomba kujua tuanzie wapi, ruhusa zipi zinahitajika, uchafu uende wapi, na tufanye nini jalala lisirudi. Usafi wa nyuma ulidumu wiki mbili tu.

---

Beleshi

Mkuu, kabla ya kumwita mtu yeyote, piga hesabu ya mtaro. Mita 120 mara 0.5 mara 0.3 ni mita za ujazo 18. Mchanga uliolowa una uzito wa kama tani 1.6 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mnazungumzia karibu tani 29. Kwa tipa ya tani 7 ni safari nne na mabaki. Kwa karai la lita 15 ni makarai 1,200, kila moja likiwa na kilo 24 hivi. Watu hupanga usafi kwa macho, wakaona "mchanga kidogo", kisha saa tano asubuhi mikono imekwisha, mtaro haujafika nusu na lundo limeachwa ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani.

Watu 40 si tatizo lako. Tatizo ni mabeleshi 7. Beleshi moja likipokezanwa na watu wawili, kwa asubuhi ya saa nne za kazi, hutoa kama mita moja na nusu ya ujazo kutoka mtaroni. Saba hutoa 10 hivi. Kwa hiyo ama muazime mengine sita kwa mafundi ujenzi wa jirani, ama mgawe kazi kwa Jumamosi mbili. Ningechagua Jumamosi mbili, kwa sababu lazima mpate na nafasi ya kuondoa kilichotolewa.

Anzeni chini, pale mtaro unapomwagia, mpande kuelekea juu. Mkianzia juu, maji na tope vinashuka na kukaa mahali mtakapofika baadaye, mnafanya kazi mara mbili. Chini kukiwa wazi, maji yaliyosimama yanaondoka yenyewe na mchanga wa juu unakuwa mwepesi. Pale mwisho wa kazi ya siku, wekeni kizuizi cha muda cha mawe chenye kimo cha sentimita 20 tu ili mchanga wa juu usishuke kwenye sehemu mliyokwisha kusafisha. Kiondoeni kabla ya mvua, msikisahau.

Kwa kubeba, toroli kwenye ngazi ni hatari na halisaidii. Pangeni mnyororo wa watu, kila mmoja mita mbili kutoka kwa mwenzake, karai linapita mkono kwa mkono. Watu 25 wanafunika mita 50. Karai lisijae, kilo 15 zinatosha kwa mtu anayesimama kwenye mteremko. Kila nusu saa wabadilishane, wa juu washuke na wa chini wapande, maana anayeinama kupokea ndiye anayeumia mgongo.

Jambo moja la usalama ambalo kwa Mwanza halina mjadala: msichimbe udongo chini ya jiwe kubwa, hata kama taka zimejisokota hapo. Mawe yetu mengi yamekalia udongo na mizizi. Ukiuondoa mchanga wa chini au ukang'oa mti uliolishika, jiwe linaweza kutulia mwezi mzima kisha likaserereka mvua ikilowesha kitako chake. Taka zilizo chini ya jiwe zitolewe kwa reki ya mpini mrefu, udongo ubaki palepale.

---

Afya ya Kata

Kwa upande wa ruhusa: nendeni kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, angalau wiki mbili kabla, mkiwa na orodha ya kazi na majina ya wasimamizi. Barua ya mtaa ndiyo itakayowafungulia kwa afisa afya wa kata na kwa gari la taka la Jiji. Kama mtaro unafuata barabara ya mtaa, TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) wajue, hasa kama kuna kalvati imebomoka au mnataka kujenga chochote ndani yake. Kuzoa mchanga ni kazi yenu. Kubadilisha kina au upana wa mtaro si kazi yenu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya usafi nchi nzima. Faida yake ni kwamba maduka yanachelewa kufunguliwa na watu wapo. Hasara yake ni kwamba kila mtaa unatafuta gari siku hiyohiyo. Ombeni gari la Jumapili au Jumatatu, na taka mziweke barabarani kwenye viroba vilivyofungwa, msimwage chini.

Sasa kuhusu kilichomo mtaroni. Milimani watu hutapisha vyoo mvua inaponyesha, na sote tunalijua hilo. Kwa hiyo tope la mtaro lihesabiwe kuwa lina kinyesi. Anayeshuka mtaroni avae gambuti na glavu za mpira nene. Glavu nyembamba za hospitali hupasuka kwenye kipande cha kwanza cha chupa. Mwenye kidonda kibichi mguuni au mkononi apewe kazi ya kufunga viroba juu. Watoto wasishuke kabisa. Sindano na nyembe ziokotwe kwa koleo la makaa na ziingie kwenye dumu gumu lenye mfuniko, siyo kwenye kiroba.

Baada ya kazi, vifaa vioshwe kwanza tope lote litoke, ndipo vipite kwenye maji ya klorini. Dawa ya kufulia yenye klorini ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji, vifaa vikae dakika 10. Mkiruka hatua ya kuosha tope, klorini inaishia kwenye tope na chombo kinabaki kichafu. Mchanganyiko huo ni wa vifaa na gambuti, si wa mikono. Mikono ni sabuni na maji yanayotiririka.

Na kama mtaa wenu umeunganishwa kwenye mabomba membamba ya majitaka ya MWAUWASA (mamlaka ya majisafi na majitaka Mwanza), kama ilivyo kwa baadhi ya kaya za Mabatini, Igogo na Kilimahewa, msifunue chemba hata moja. Gesi ya humo inaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na mchanga ukidondokea ndani unaziba mstari wa nyumba zote za chini. Chemba ikifurika, toeni taarifa.

---

Mama Mboji

Hongereni sana kwa kuanza. Mimi nitajibu lile la jalala kurudi, kwa sababu ndilo linalovunja watu moyo.

Jalala halirudi kwa sababu watu ni wachafu. Linarudi kwa sababu kiwanja kile ndicho mahali pa karibu zaidi pa kutupa. Mkikisafisha bila kuweka njia nyingine, mtu wa kaya ya juu mwenye ndoo ya maganda ya ndizi saa mbili usiku ana chaguo moja tu.

Hesabu ya taka za kila siku: kaya 62, tuseme watu 5 kila kaya, ni watu 310. Kadiria nusu kilo kwa mtu kwa siku. Ni kilo 155 kwa siku, zaidi kidogo ya tani moja kwa wiki. Kirikuu kinabeba kama nusu tani, kwa hiyo ni safari mbili na zaidi kila wiki. Lakini nusu au zaidi ya uzito huo ni maganda, mabaki ya chakula, majivu na majani. Mkiyatoa hayo, kinachobaki kinaingia kwenye safari moja. Mchango unapopungua hivyo, watu hulipa.

Kwa hiyo kila kaya iwe na vyombo viwili: ndoo yenye mfuniko ya vinavyooza, na kiroba cha vikavu. Chupa za plastiki na makopo wasichanganye na majivu, waokota chupa hawachukui chupa chafu. Vikavu vishuke barabarani siku moja ya wiki, saa ile gari linapofika, si jana yake. Kiroba kikilala barabarani, mbwa na makorongo marabu wanakichana kabla ya asubuhi.

Vinavyooza vifanyieni mboji palepale kiwanjani. Anzeni na vizimba vitatu vya mita 1 kwa 1 kwa 1, kwa mawe yaliyopangwa bila saruji ili hewa ipite; havitatosha kaya zote 62, kwa hiyo muongeze vingine kadiri vinavyojaa. Cha kwanza kinajazwa, cha pili kinaiva, cha tatu kinatumika. Tabaka la maganda la sentimita 10, juu yake tabaka la majani makavu au maranda la unene uleule, na koleo moja la udongo. Kamua mboji kidogo mkononi: matone mawili matatu yakitoka, unyevu unatosha. Yakitiririka, ongeza vikavu. Kigeuzwe kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hadi minne kinakuwa cheusi na kinanuka udongo wa mvua.

Kinachoharibu mboji ya Mwanza ni samaki. Vichwa, matumbo na mapanki (mifupa ya sangara iliyobaki baada ya minofu kutolewa) yakiachwa juu, siku ya pili kuna nzi na panya, siku ya nne majirani wanataka vizimba vivunjwe, na wana haki. Kama lazima yaingie, yawe kidogo, yafukiwe katikati ya rundo na yafunikwe na maranda ya sentimita 20. Kaya ya mchuuzi wa samaki isitegemee kizimba cha mtaa. Taka zake ziende na gari.

Wala msichome. Moshi wa plastiki unakwama katikati ya mawe na kupanda kwenye madirisha ya nyumba za juu, na majivu yanashuka mtaroni na mvua.

Msimamizi wa vizimba awe mtu mmoja anayelipwa kidogo na mtaa, anayekaa jirani na kiwanja. Kazi ya kujitolea isiyo na mwenyewe hufa mwezi wa pili. Mkitaka kukua, sajilini kikundi halmashauri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na wenye ulemavu inawahusu watu wa kazi za taka pia, kwa kununua guta kwa mfano.

---

Ngazi za Mawe

Asanteni mno, hasa hesabu ya makarai. Kwa hiyo Jumamosi mbili. Maswali mawili yamebaki. Mchanga wa mtaroni unaweza kutumika kwenye njia za miguu, au lazima uende dampo Buhongwa? Na kiwanja tukipande nini, mita 9 kwa 14 chini ya mawe?

---

Beleshi

Usiupeleke Buhongwa mkuu, ni kulipia mafuta ya kubeba kitu mnachokihitaji. Mwingi wa mchanga huo ni mawe yenu wenyewe yaliyomeguka na kushuka. Upitishe kwenye chekeche ya wavu wa kuku wa nusu inchi, taka zibaki juu ziende na gari. Kisha uanikeni juani, mahali ambapo watoto hawachezi. Ila usipelekwe kwenye matuta ya mboga, maana mayai ya minyoo hukaa miezi mingi udongoni.

Kabla ya kuutumia na saruji, jaribu kwa chupa: jaza mchanga theluthi moja, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Tope hukaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe kwanza, vinginevyo saruji haitashika.

Njia za miguu zifanyeni ngazi za viroba. Changanya saruji 1 kwa mchanga 10. Mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa lita 35, kwa hiyo unapata lita 350, sawa na viroba 11 vilivyojazwa nusu, kila kimoja kikilala kama sentimita 60 kwa 35 na unene wa 15. Viroba viwili vinafanya ngazi moja ya upana wa mita 1.2, yaani ngazi tano kwa mfuko mmoja. Vijazeni mahali vinapolala, kwa sababu kimoja kina kilo 50. Pondaponda kwa mti, kisha mwagieni maji taratibu hadi yapenye, na mfunike kwa majani yenye maji siku saba. Kiroba kitaoza kwa jua, haidhuru, ndani kumekuwa jiwe. Wanaojaza mchanga mtupu bila saruji hupoteza kila kitu kiroba kikichanika msimu unaofuata.

Kila baada ya ngazi sita wekeni mfereji wa mshazari wa mawe unaotupa maji pembeni, yaingie mtaroni. Ngazi bila mfereji huwa maporomoko, maji yanakimbia juu yake na kuchimba pembeni.

Mkondo ambao tayari umechimbika pembeni mwa njia, usiujaze udongo. Wekeni vizuizi vya mawe vya kimo cha sentimita 30. Kitako cha kizuizi cha juu kilingane na kimo cha kizuizi cha chini yake, mpime kwa mpira wa maji wa fundi. Mteremko ukiwa wa sentimita 15 kwa kila mita, nafasi ni mita 2. Mawe yaingie ardhini sentimita 20, na pande zote mbili yaingie kwenye kingo sentimita 30. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 10, hapo ndipo maji yapite. Kosa la kawaida ni kujenga kizuizi kilichonyooka juu kama ukuta. Maji yanakizunguka, yanakula kingo, na korongo linakuwa pana kuliko mwanzo.

---

Mama Mboji

Kiwanjani, kwenye ukingo wa chini unaoteleza, pandeni nyasi za vetiva mstari mmoja au miwili kufuata usawa wa mlima, vichipukizi vikiwa na nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Pengo la mtu kupita likibaki, maji yatapita hapohapo. Mizizi yake inashuka chini badala ya kutambaa, haivunji kuta. Pandeni mvua zikishashika kweli, si kwenye manyunyu ya kwanza ya Oktoba yanayoweza kukatika wiki mbili.

Kivuli: mwarobaini mmoja au wawili, mita 5 kutoka ukuta wowote. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na ndoo mbili za mboji iliyoiva. Msipande mikuyu au miti ya jamii yake karibu na mtaro, mizizi yake inafuata nyufa. Na mawe msiyapake rangi wala kuyafunika. Yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anaishi juu yake, anakula wadudu bila malipo, na watoto wanampenda.

Mabenchi mawili ya mawe na saruji, yaelekee njia wanayopita watu. Mahali panapokaliwa na wazee jioni hapatupwi taka.

---

Mwaloni Kirumba

Naongeza kwa wale wa ziwani, maana wengi wanasoma uzi huu. Maji ya mitaro yenu yanashuka Mto Mirongo na kuja kwetu.

Ufukweni adui ni kichocho. Konokono hutoa viini vyake kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kwa hiyo kazi ya kuingia majini iwe saa 1 hadi saa 3 asubuhi, bado kwa gambuti ndefu, kwa sababu saa za mapema zinapunguza hatari bila kuiondoa. Maji ya kunawia yatoke bombani, au ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa siku mbili. Waliogusa maji wakapime kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane; kupima kesho yake hakuonyeshi kitu.

Magugu maji yakivutwa, yawekwe mbali na mahali mawimbi yanapofika, la sivyo yanaelea tena usiku. Karibu uzito wote ni maji. Yaanikeni siku tano hadi saba ndipo muite gari, mtalipia safari moja badala ya nyingi. Yakikauka yanafaa kwa mboji kama vile vikavu alivyosema mama hapo juu, ila mzizi wenye tope uachwe nje, una mbegu.

Na vizimba vya taka visijengwe ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, na ziwa likijaa litavibeba.

---

Ngazi za Mawe

Nimeelewa. Kesho napeleka barua kwa mtendaji wa mtaa, na jioni tunahesabu mabeleshi ya mafundi. Gari tutaomba Jumapili zote mbili. Nitaweka hapa vipimo vya mteremko wa njia tatu tukishapima kwa mpira wa maji, ili kaka Beleshi atuangalizie nafasi za vizuizi kabla hatujachimba.